Uso wa Alesi unafanana na wa giboni. Kwa nini hakuwekwa katika ukoo huo?

Mwalimu wa Baiolojia:
Salamu wanajukwaa. Fuvu la Alesi, kisukuku cha jamaa wa kale wa sokwe na binadamu, ambalo John Ekusi aliligundua Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 2014, lina pua fupi sana kama ya giboni wa Asia. Wanafunzi wangu wameniuliza ni kwa nini basi wataalamu wamekataa kumwita giboni, nami sikuwa na jibu la kuwaridhisha.

Msoma Visukuku:
Mwalimu, jibu limo ndani ya fuvu, si usoni. Fuvu lenyewe ni dogo kama limau, la mtoto aliyekufa miaka milioni 13 iliyopita kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Lilipopigwa eksirei zenye nguvu kubwa huko Grenoble, Ufaransa, yalionekana meno ya utu uzima ambayo yalikuwa hayajachomoza, yamelala ndani ya taya, kila moja likiwa na mistari ya ukuaji iliyohesabika siku kwa siku. Kutokana na umbo la meno hayo, mtaalamu wa visukuku Isaiah Nengo na wenzake walitangaza mwaka 2017 kwamba huyu ni spishi mpya ya Nyanzapithecus, kundi la kale la jamaa wa sokwe. Kinachonivutia zaidi ni sikio la ndani. Giboni, ambaye hubembea kwa kasi kutoka tawi hadi tawi, ana mirija mikubwa ya kumpa mizani, ilhali ya Alesi ni midogo, ishara kwamba alitembea mitini taratibu. Kufanana kwa nyuso kulijitokeza katika koo mbili, kila mmoja kwa njia yake.

Mwalimu wa Baiolojia:
Nimekuelewa vizuri, ahsante sana. Je, ni sahihi kuwaambia kwamba Alesi ni babu yetu, maana jina lenyewe limetokana na neno la Kiturkana lenye maana hiyo?

Mama Mhifadhi:
Mwalimu, naomba tuwe waangalifu hapo. Alesi yuko karibu na shina walikochipukia giboni, orangutani, sokwe na sisi pia, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba tumezaliwa na spishi yake hasa. Orrorin wa Milima ya Tugen, Baringo, kiumbe wa kale anayehesabiwa na wengi kuwa wa ukoo wa binadamu, ambaye mfupa wake wa paja unadokeza kwamba aliweza kusimama na kutembea kwa miguu miwili, aliishi miaka takriban milioni 6 iliyopita. Waonyesheni wanafunzi pengo hilo la miaka milioni 7 kati ya Alesi na Orrorin ubaoni, kwa kipimo sahihi.