Msaada: nani atutengenezee rampu za uwanja wa skeiti, Kigamboni?

Mtaa_kwa_Mtaa: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha vijana kimepewa eneo la mita 20 kwa 15 hapa Kigamboni, tujenge uwanja wa skeitibodi na BMX (baiskeli ndogo za michezo). Hela ya mfadhili ni milioni 45, haiongezwi. Nina watu watatu mezani. Kampuni moja ya Ulaya: rampu (miinuko ya kutelezea) za fremu ya chuma na plaiwudi, zinakuja kwenye kontena, kazi yetu kufunga bolti tu. Fundi wa kuchomelea wa hapahapa: chuma kitupu, bei nusu ya hao. Wa mwisho ni kontrakta wa zege ambaye kazi yake ni mabwawa ya kuogelea, rampu hajawahi kujenga. Wenzangu wameshapagawa na picha za kampuni ya Ulaya, mimi roho inasita. Naombeni ushauri.

Chumvichumvi: Mkuu, hapo na bahari ni umbali gani? Muulize fundi wako swali moja: anachomelea kwanza ndipo anapeleka kuzamisha kwenye zinki, au ananunua mabomba yaliyokwishapakwa zinki ndipo anachomelea? Kama ni la pili, zinki inaungua palepale anapopitisha moto na kutu itaanzia kwenye maungio. Atakupakia rangi ya silva juu, mtaona pazuri mpaka masika. Halafu bati la chuma saa nane mchana Dar, mtoto akianguka na kaptula… haya.

Mzee wa Bodi: Mbona hakuna anayezungumzia sakafu? Gurudumu la skeitibodi lina milimita hamsini na kitu tu, tena gumu. Kokoto moja inamtupa mtu uso kwa uso na ardhi. Kontena likifika mtahitaji jamvi la zege lililosawazishwa kwa mashine, na nakuhakikishia halimo kwenye bei yao. Na hiyo bei ni mpaka Kigamboni au mpaka geti la kiwanda? Jumlisha meli, ushuru, VAT asilimia 18, kisha urudi hapa utuambie imebaki ngapi.

Wakisisitiza, waombe cheti cha EN 14974, ndicho kiwango cha Ulaya cha usalama wa viwanja hivi. Plaiwudi nayo, mchwa wa kwetu hawasomi cheti.

Dada Zege: Mimi ningeanza na huyo wa mabwawa. Msimcheke. California miaka ya 1970 ukame ulipokausha mabwawa ya watu, vijana waliingia humo kuteleza, na mabakuli ya skeiti ya leo, yale mashimo ya zege yaliyokunjwa kama bakuli, yametokana na hapo. Mtu anayejua kukunja zege bila mawimbi ana nusu ya kazi mkononi. Tena angalieni viwanja vya skeiti vya majirani: Kitintale kule Kampala, Shangilia Nairobi ya 2013, Addis Ababa 2016, zote zege.

Ila asiachiwe akisie mkunjo kwa macho. Mchongeeni vibao vya umbo la rampu, avivute juu ya zege bichi. Bomba la chuma la ukingo wa juu wa rampu lichomoze kidogo, kama sentimita moja, ili mchezaji alisikie chini ya gurudumu. Kisha zege lifunikwe magunia mabichi na kumwagiwa maji lisikauke haraka, siku saba kwa uchache. Fundi anayetaka kuondoka siku ya pili mzuieni malipo.

Kaka Sheria: Hati ya eneo iko kwa jina la nani?

Mtaa_kwa_Mtaa: Bahari iko karibu, upepo wake tunaulamba. Hati hatuna, ni barua ya mtendaji tu.

Kaka Sheria: Basi subirini kidogo na hayo mabakuli. Zege halihamishiki. Ombeni manispaa mkataba wa miaka kadhaa kwa maandishi, muhtasari wa kikao uambatanishwe. Wakisita, mwageni jamvi tu na rampu mbili fupi za kubebeka.

Dada Zege: Kaka ana hoja. Jamvi linahitajika kwa vyovyote, na hata wakiwahamisha, litatumika kwa basketi. Mkataba ukipatikana, mpe wa mabwawa ajenge rampu moja ndogo kwanza. Mleteni Mzee wa Bodi aipande kabla hamjamlipa.

Mzee wa Bodi: Nauli ya pantoni mnalipa nyie.