Mwembamba lakini kolestro iko juu, hii imekaaje?

Kijana wa Mbagala: Wakuu habari za mchana. Kazini walikuja jamaa wa kupima bure, sukari safi, presha safi, ila kolestro mbaya ile LDL imesoma 5.1 mmol/L. Mimi mwembamba jamani, kitambi sina, sigara sivuti, na dumu la mafuta nyumbani limeandikwa kabisa halina kolestro, sasa inatoka wapi? Daktari kaniandikia atorvastatin, vidonge vya kushusha kolestro, nasikia ukizianza hizo ndo hutoki tena, na mzee mmoja ofisini anasema nichemshe tu vitunguu swaumu na ndimu.

Mama Zai: Mdogo wangu maandishi ya kwenye dumu yasikuzuge. Mafuta ya mmea yote hayana kolestro ya maana, hata mawese hata nazi, kwa hiyo hawajadanganya ila hawajakwambia kitu. Kolestro nyingi linatengeneza ini lako lenyewe, na ukizidisha mafuta yale yanayoganda kukiwa na baridi, mawese karibu nusu yake ni hayo na ya nazi ndo usiseme, zaidi ya asilimia 80, basi ini linalegea kuiondoa LDL kwenye damu inabaki inazunguka tu. Hamia alizeti, maharage kula kwa wingi. Chipsi za kila jioni hapo kituoni achana nazo.

Mtu wa Pwani: Wembamba hausaidii kitu. Sisi iko kwenye ukoo, baba alikuwa kama fito na moyo ulimwangusha na miaka 48. Halafu boss 5.1 sio ndogo, LDL ikifika 4.9 madaktari wengi hawangoji msosi peke yake. Kwenu hakuna aliyepata shambulio la moyo mapema?

Kijana wa Mbagala: Mh. Baba mdogo alienda ghafla akiwa na 44, watu wakasema karogwa.

Nesi mstaafu: Pole mwanangu. Mwambie daktari hilo, na ndugu zako wa tumbo moja wakapime, watoto pia kama unao. Dawa ni ya muda mrefu kweli ila haikufanyi teja, ukiiacha namba zinapanda tena, basi. Rudia kipimo baada ya mwezi hadi miezi mitatu. Misuli ikiuma sana au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi wahi hospitali, usiache kimya kimya. Balungi usilifakamie, linaongeza dawa kwenye damu. Ndimu na swaumu weka kwenye samaki, kwa 5.1 hazitoshi.