Tunapika kanisani kila Jumamosi kwa wasio na chakula, ila majirani zetu wenyewe hawaji. Tufanyeje?

Mama Sufuria (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uzoefu mnishauri, na wenye kejeli nawasamehe mapema.

Nipo Mwanza. Usharika wetu uko chini ya mlima, pande zile za nyumba zilizopandana na mawe, na huu mwaka wa tatu akina mama wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, tunapika kila Jumamosi mchana. Ilianza na msiba. Tulizika mzee mmoja, wali ukabaki sufuria nzima, mtu akasema tuwapelekee vijana wanaolala karibu na stendi. Tukapeleka kwa kirikuu. Wiki iliyofuata wakaja wenyewe kanisani kuuliza kama kuna msiba mwingine. Tukacheka, kisha tukanyamaza.

Sasa hivi tunaingiza mchele kilo 20 na maharage kilo 9. Wiki nyingine ni ugali na dagaa wa soko la Mwaloni. Sahani zinafika 130. Wanaokula ni watoto na vijana wa mtaani, wabeba mizigo wa sokoni, akina mama wawili watatu wanaoomba barabarani na watoto mgongoni, na mzee mmoja asiyeona anayeongozwa na mjukuu wake.

Tatizo langu siyo hao.

Mwezi uliopita kuna mtoto wa kike, miaka kama tisa hivi, alikuja na kopo la rangi. Hakukaa kwenye foleni. Alizunguka nyuma jikoni akaniambia, "Shikamoo mama. Bibi anaomba ukoko wa kuku." Nikamkwangulia sufuria, nikamjazia. Jumamosi ya pili akaja tena. Ya tatu nikamsindikiza, maana kopo lilikuwa zito na mvua ilikuwa imenyesha, yale mawe yanateleza. Wakuu, ile nyumba haina kuku. Haina hata banda. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na ananijua vizuri, tunasali naye jumuiya moja. Akaniangalia. Mimi nikaangalia ziwani. Nikamuuliza, "Bibi, kuku wanaendeleaje?" Akasema, "Wanakula vizuri, mwanangu." Nikashuka.

Tangu siku hiyo nikilala nawahesabu. Kuna fundi seremala aliyeanguka kutoka kwenye paa, mguu haujakaa sawa mpaka leo. Kuna dada ambaye mumewe alikwenda machimboni Geita na simu yake haipatikani. Wote hao moshi wetu wanauona na harufu inawafikia, lakini hawashuki. Sisi tunalisha mji, na walioko hatua mia mbili juu yetu wanalala na uji wa chumvi.

Tuwafikieje bila kuwavua nguo?

Na jambo jingine, fupi. Wazee wa kanisa wameamua kwamba kuanzia mwezi ujao watu wahubiriwe nusu saa kwanza ndipo wale. Hoja yao ni kwamba Yesu aliwafundisha makutano kwanza, mikate ikafuata. Mimi sikusoma theolojia. Nina sufuria tu.

Naomba kuwasilisha.

Kidumu cha Tano

Mnafuga uvivu. Kijana ana mikono miwili na miguu miwili halafu anapanga foleni ya wali. Wapeni majembe.

Mama Sufuria

Mkuu, na yule wa miaka tisa nimpe jembe? Juu ya yale mawe atalima nini?

Kidumu cha Tano

Nimesema vijana. Soma vizuri.

Binti wa Pwani

Mimi ni Muislamu, nipo Tanga, lakini sahani haina dhehebu.

Dada, kwetu Ramadhani inapofika mama anapika futari, na kabla ya magharibi anapakua sinia mbili tatu, anafunika na kawa, mtoto anaambiwa "peleka kwa bi fulani." Sasa angalia zinakokwenda. Moja inaingia kwa mjane, nyingine inaingia kwa mwenye duka ambaye friji yake imejaa. Watu wa mtaani wanaona sinia zinapita tu. Hakuna anayejua ipi ni sadaka na ipi ni ujirani, hata mpokeaji mwenyewe hajui, na hapo ndipo anapopata nguvu ya kula. Halafu bakuli halirudi tupu. Mjane akiweka ndimu mbili ndani naye katoa.

Nyie mmejenga foleni. Foleni inafaa kwa mpita njia, kwa sababu hapo hajulikani na mtu. Jirani kila mtu anamjua. Ukitaka kumfikia, chakula kiende kwake, na kiende pia kwa asiyekihitaji. Kapelekeni hata kwa huyo mzee wa kanisa.

Na kuhusu bibi, tafadhali usije ukamwambia unajua. Kuku waendelee kula.

Mama Sufuria

Hapo kwa mwenye duka umenifungua macho. Hatukuwahi kuliwaza hilo.

Mpishi wa Shughuli

Mimi napika harusi na misiba mwaka wa kumi na tano. Wengine watajibu ya rohoni, mimi naongea ya sufuria.

Mkianza kupandisha chakula mlimani, wali ndio wa kuogopa. Usipikwe Ijumaa usiku ukaachwa umefunikwa mpaka Jumamosi. Wali uliolala kwenye joto unafanya sumu ambayo hata ukiupasha mpaka utoe moshi haiondoki, watu watatapika na kanisa litasemwa. Pika asubuhi, pakua ukiwa wa moto, tia kwenye hotpoti, ufike ndani ya saa moja. Maharage mekundu myaloweke usiku, maji yale mmwage, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla hamjapunguza moto. Maharage nusu mabichi yanapindua tumbo vibaya, na mwenye njaa hatasubiri kuyaonja.

Kilo 20 kwa sahani 130 siyo israfu, hao wanakula mlo mmoja kwa siku. Ila mkibanwa na hela geukieni makande. Mahindi ya kukoboa kilo 12, maharage kilo 6, karanga za kusaga kidogo na kitunguu, mnafika 130 na mtu anakaa na shibe mpaka usiku. Tena makande yanastahimili safari ya mlimani kuliko wali.

Kingine: ukoko usiwe fungu la mtu. Huyo mtoto mpakulie chakula chenyewe chini, ukoko uweke juu kama kifuniko. Bibi ataelewa.

Wa Stendi

Sijawahi kuandika hili humu. Nililala nje miaka minne, mji siutaji. Nilikula kwenye foleni kama yenu, ya kanisa jingine kabisa.

Mama, mahubiri ya kabla ya kula sisi tuliyazoea kama mvua. Mimi nimeokoka mara kumi na moja. Siku za nyama tulikuwa tunaokoka wengi zaidi. Hakuna aliyekuwa anasikia neno hata moja, tunasikiliza mifuniko ya sufuria. Wahubiri walidhani tunalia kwa toba, na wadogo wengine walikuwa wanalia njaa kweli.

Kilichoniondoa pale ni picha. Dada mmoja alitupiga, akaweka kwenye ukurasa wao na maneno ya huruma. Binamu yangu akaiona, ikafika kijijini. Mama yangu alikuwa anajua nipo mjini nafanya kazi gereji. Sikurudi kula pale tena. Kama mnapiga picha, pigeni sufuria.

La mwisho: wadogo wale ndani ya geti, wamalize, ndipo watoke. Mkiwapa chakula cha kubeba wanaporwa na wakubwa kwenye kona ya kwanza, nimeporwa na baadaye nimepora. Na kwa mtoto mnayemuona ana majeraha au anatumikishwa, kuna namba 116 ya msaada kwa mtoto, kupiga ni bure, na afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Wali peke yake hautamtoa mtoto barabarani.

Mama Sufuria

Asante mwanangu. Picha tulikuwa tunapiga. Leo nimemwambia katibu azifute zote.

Turnboy Mstaafu

Niko Kenya. Waliowahi kupita barabara ya Mombasa–Nairobi wanajua Makindu, pale kwa hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Nimekula pale nikiwa turnboy sijui mara ngapi. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai. Hawakuulizi dini wala unaelekea wapi. Wenye magari makubwa wanakaa chini na sisi wa malori, chakula kimoja. Tajiri akiwa kando yako anakula dengu ileile, wewe huwi maskini, uko kwa meza tu. Hao wazee wenu wa kanisa wanakula hiyo Jumamosi ama wanasimama wakiangalia?

Mama Sufuria

Wanasimama 😔

Mwinjilisti 77

Nimestaafu utumishi, naomba niseme na hao wazee kwa Kitabu chao.

Kweli katika Marko 6 alifundisha kwanza. Lakini wale walimkimbilia kwa miguu wenyewe, hakuwashikia mikate rehani. Someni pia Yohana 21. Wanafunzi wametoka ziwani wamechoka, wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Neno lake ni "Njoni mfungue kinywa." Mazungumzo mazito na Petro, yale ya lisha kondoo zangu, yanakuja walipokwisha kula. Watu wa Mwanza wanaouza samaki mnahitaji ufafanuzi gani hapo?

Na hili la majirani lipo Matendo 6. Kulikuwa na manung'uniko kwamba wajane wa upande wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuongeza chakula. Walichaguliwa watu saba wasimamie, na ukiyasoma majina, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote saba ni ya Kiyunani. Yaani usimamizi ulikwenda kwa upande uliokuwa unasahauliwa. Mama, kwenye kamati yenu ya jikoni kuna mtu hata mmoja anayeishi juu kwenye mawe?

Mama Sufuria

Hakuna. Sote ni wa chini, barabarani.

Mama Sufuria

(Wiki saba baadaye) Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Wazee tuliwawekea viti na sahani, wale na watu. Wawili wamekuja. Sala fupi kabla, neno baada ya kula kwa anayetaka kubaki. Jumamosi iliyopita walibaki kumi na wanne, wanne kati yao wamelala usingizi, lakini mchungaji kasema hata Jumapili hali ni hiyohiyo.

Mlimani tumeanza kwa jumuiya. Hotpoti zinapanda nyumba zote za upande mmoja kwa zamu, mwenye nacho na asiye nacho, nyumba ya mzee wa kanisa ikiwemo. Mkewe alishangaa kidogo, ila alikula.

Na bibi. Nilimfuata nikamwambia tuna shida, mchele tunaonunua una mawe, vijana hawajui kuchambua, je atatusaidia? Akaniuliza kilo ngapi. Sasa mchele unapandishwa kwake Ijumaa, anakaa mlangoni na ungo, na mchambuaji ana fungu lake kama ilivyo desturi ya shughuli yoyote. Wiki ya pili yule dada wa Geita akaja kukaa naye, "kupiga soga tu." Sasa nyungo ni nne. Bibi ni mkali! Amesharudisha maharage ya duka moja akisema yana wadudu, na kweli yalikuwa nao.

Aliyenishinda ni fundi seremala. Hotpoti yake inarudi imefunikwa vilevile, haijaguswa. Mara tatu sasa. Mkewe anasema anageuza uso ukutani.

Binti wa Pwani

Msiache kupita kwake. Ila msimsemeshe.

Kidumu cha Tano

Huyo fundi mguu ndio mbovu, mikono je?

Mama Sufuria

Mikono mizima kabisa. Ametengeneza madirisha ya kanisa huyo.

Kidumu cha Tano

Nipo Igoma, hapahapa Mwanza. Nina vitanda viwili vya kurekebisha na meza ya dukani imelegea miguu. Nitavipandisha mwenyewe mpaka kwake, nalipa bei ya fundi, sitaki punguzo. Nitumie namba yake inbox, na usimwambie tumeongea.