Holden HQ ya 1972 iko Kasulu: nitajuaje kipi ni cha kiwandani kabla fundi hajaigusa?

Mwana_Kasulu

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Nina pikapu ya Holden HQ, gari la Kiaustralia, kadi inasema 1972, niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Alikuwa dereva wa mmisionari mmoja wa Kiaustralia huku Kasulu, na mzungu alipomaliza muda wake akamwachia gari. Baba mdogo akaitumia kwa biashara, mara chumvi ya Uvinza, mara madumu ya mawese, mpaka kabureta ilipomsumbua akaipaki chini ya mwembe na kuifunika turubai.

Nataka kuifufua, na ibaki Holden. Fundi mmoja wa Kigoma mjini amekuja kuiona, anasema tukwangue rangi yote hadi bati, tupige silva, tuweke injini ya Hilux. Mwenzake anadai hii si pikapu ya kiwandani bali ni salun iliyokatwa mgongo. Ninachokiona mimi: nje ni nyeupe, lakini nyuma ya kiti na ndani ya milango kuna rangi ya krimu. Injini ni ya bluu. Spidomita ni ya kilomita. Kona moja ya sakafu ya karoseri imeoza, kidole kinapita.

Kipi hapo ni cha asili? Na nianzie wapi ili isiendelee kuliwa?

Mwanga_Sokoni

Mkuu, kama ni gari la kazi injini ya Hilux itakurahisishia, maana spea za Holden huku ni shida. Ila hiyo yake usiiuze. Ifunge vizuri uiweke stoo.

Fundi_Bodi_Tabora

Mwangaluka, mwanangu. Niko Tabora, kazi yangu ni bodi na rangi, na magari ya zamani nayapenda kweli kweli. Kabla ya yote, mwambie huyo fundi aweke msasa chini. Hiyo krimu ya nyuma ya kiti ndiyo shahidi wako. Anayepaka gari upya mara nyingi hatoi kiti wala hafungui makava ya milango, kwa hiyo rangi ya kwanza hubaki huko. Ukishakwangua, umemfukuza shahidi.

La kukatwa ni jepesi, tafuta futi ya tepu. Simamisha matairi yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, pande zote mbili. HQ salun ni inchi 111, karibu sentimita 282. Pikapu ni inchi 114, yaani kama 290. Fundi wa mtaani anaweza kukata paa vizuri tu, lakini kurefusha gari inchi 3 na likakaa sawa pande zote ni habari nyingine. Kisha pitisha vidole kwa ndani, nyuma ya mlango. Pikapu za Australia ubavu wa kabini na wa karoseri huwa umeungana, tangu ile ya Ford iliyochorwa na Lew Bandt kule Geelong, iliyotoka 1934. Kama kuna uchomeleaji wa mtaani, kwa nje watauziba kwa pati, ila kwa ndani vidole vitaugundua. Chukua pia sumaku ya spika mbovu uitembeze juu ya bodi: penye pati nene haishiki.

Halafu kuna kibati cha utambulisho, kwenye ukuta unaotenga injini na kabini. Kina namba ya modeli, namba ya bodi, na alama za rangi na za vitambaa vya viti. Namba ya modeli ya pikapu huishia na 80, ya salun 69. Kioshe kwa maji ya sabuni na mswaki laini, basi. Angalia na ribiti zake: zikiwa mpya, au ukiona matundu ya zamani pembeni, jiulize kibati kimetoka gari gani.

Injini sasa. Injini za Holden za wakati huo, zile za silinda sita kwenye mstari mmoja, zilipakwa nyekundu kiwandani, bluu zikaja 1980. Injini ya bluu ya kweli haiwezi kuwa ilizaliwa na gari la 1972. Lakini rangi ya kopo inanunuliwa na yeyote, usiiamini. Kwangua kidogo mahali pa kificho uone chini kuna nini. Ukifungua manifodi, yaani mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi, hesabu matundu ya silinda hedi: nyekundu yana 9, bluu 12. Kwenye bloku utakuta ujazo umesubuliwa pamoja na chuma, 173 au 202, ni inchi za ujazo. Namba ya injini iliyogongwa ilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

Spidomita imebadilishwa, hilo nalisema bila kuiona. Australia alama za barabarani zilihamia kilomita Julai 1974, gari la 1972 lilitoka na maili. Tafuta ya zamani kwenye masanduku ya marehemu. Usipoipata, iache iliyopo na uandike pembeni kuwa si ya asili. Mimi sidharau gari lililotengenezwa kwa haja ya barabara zetu, ninachokataa ni kumwambia mnunuzi kuwa hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani.

Kutunza: turubai litoke leo. Jenga kibanda cha bati, upepo upite chini, kwa sababu turubai linafungia unyevu wa masika yote. Na chumvi ya Uvinza ndiyo iliyokula hiyo kona, bado imejificha kwenye mikunjo. Mwaga maji safi mengi, siku kadhaa mfululizo, mpaka yanayotoka chini yawe safi. Zibua vitundu vya maji vya chini ya milango kwa waya. Acha ikauke kabisa juani ndipo upake dawa ya kutu. Ukipaka grisi juu ya chumvi, kutu itaendelea chini kwa chini.

Mwana_Kasulu

Ahsante sana mzee wangu. Nimepima: 290 kushoto, 290 kulia. Kibati kinaishia na 80 na ribiti ni za zamani. Chini ya bluu kuna nyekundu, bloku inasomeka 202, na namba inalingana na kadi. Spidomita ya zamani sijaiona.

Fundi_Bodi_Tabora

Nimefurahi mno! Ni pikapu halali na injini yake. Hilux waachie wenyewe.

Wakati wa kufungua hedi, mwambie fundi injini akague siti za valvu za ekzosi. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, yaliyozilinda siti hizo, na huku kwetu hiyo ilikwisha kufikia 2006. Zikiwa zimelika, ziwekwe siti ngumu. Haionekani kwa nje na itaiokoa injini.

Hiyo kona msiikate bado. Lala chini uipige picha kwa tochi, nione kama kutu imefika kwenye chesisi.