Dizeli au petroli kwa njia zetu za Kusini? Tupeane uzoefu

Masasi: Msimu wa korosho unakaribia, watu wameanza kuulizia pikapu. Kwa anayepandisha magunia Newala, nasema dizeli. Ya turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika imeshavuta. Petroli mpaka uipeleke 4,000 ndiyo mzigo usogee, na mafuta yanakwisha.

Nachingwea: Nakubali, mkuu.

Mtwara Mjini: Wa mjini msimdanganye. Shangani hadi sokoni dizeli haijapata hata moto. Mazda CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi, linajisafisha kwa joto la safari ndefu. Ukizimazima njiani, dizeli inashukia kwenye oili. Ikifika alama ya X kwenye kijiti cha oili, mwaga oili yote. IST ya petroli ni oili isiyofika lita 4 na plagi nne, basi.

Masasi: CX-5 na 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, wapi na wapi? Pampu ya 1HZ haina kompyuta, fundi yeyote wa Liwale anaifungua.

Mtwara Mjini: Na taimingi belti yake (mkanda unaoendesha vali) ikikatika vali zinagonga pistoni. Kilomita 100,000, badilisha hata ikionekana nzima.

Kilwa Masoko: Adui ni dizeli ya madumu yenye maji, inakula nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini. Legeza koki chini ya filta, pampu kitufe cha juu hadi itoke dizeli tupu. Funga, pampu tena mpaka kitufe kiwe kigumu.

Liwale: Kubwa kuliko yote ni dizeli kukataa kuzimika. Sili za turbo zikichoka, oili inapenya njia ya hewa na injini inaichoma kama mafuta. Unatoa ufunguo, yenyewe inazidi kupanda, moshi umetanda, mpaka mkono wa pistoni utoboe bloku.

Lindi: Du! Sasa unafanyaje?

Liwale: Gari la manyuo: gia ya tano, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi, izimike.

Newala: Automatiki ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Mkono usithubutu.

Liwale: Ubao utautoa wapi porini? Ikishapamba moto shukeni, kaeni mbali.

Newala: Basi tunzeni turbo. Ukimaliza mlima, iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Nachingwea: Si lazima kama umeingia mtaani taratibu, imeshapoa.

Kilwa Masoko: Na mkitiliwa petroli kwenye dizeli, msiwashe hata swichi. Pampu ya tenki itaisukuma mbele. Mwaga tenki hapohapo kituoni.