Wewe mgonjwa, paka naye mgonjwa, hali ngumu: mnaishije? Tupeane uzoefu

Vidole Vizito: Habari za muda huu wakuu. Leo nimepewa majibu ya paka wangu: figo. Daktari wa mifugo anasema mpaka uone dalili, yaani kunywa maji kupita kiasi, kukojoa ovyo na kukonda, zaidi ya theluthi mbili ya kazi ya figo inakuwa imeshapotea. Natakiwa nimtundikie maji chini ya ngozi, nyumbani. Sasa mimi mwenyewe nina baridi yabisi ya siku nyingi, asubuhi vidole havikunji, kufungua kifuniko cha chupa tu ni vita. Juu ya hayo mume wangu kapunguzwa kazini. Waliopitia haya mlifanyaje? Wale wa "ni paka tu" naomba mpite.

Kijiti: Naweka kambi hapa.

Babu Mzani: Pole mwanangu. Mimi na mbwa wangu sote moyo umechoka, na dawa ni ileile, furosemidi, ile ya kukojoza. Usiku ni foleni: mimi naenda chooni, yeye anakwaruza mlango. Nilifundishwa kumhesabia pumzi akiwa amelala, zikizidi 30 kwa dakika nimpigie daktari. Basi nikawa namhesabia kila usiku, saa mkononi. Siku moja mke wangu akanibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Akaniuliza, "Na wewe nani anakuhesabia?" Tangu hapo kila asubuhi napanda mzani peke yangu, kisha nampakata mbwa tunapanda wote, natoa. Uzito wangu na wake vinaingia daftari moja. Nikiongezeka ghafla ujue ni maji, sio shibe.

Mama Wawili: Babu, hilo la daftari moja nimelichukua.

Jicho Kavu: Kuna watu wanakosa hela ya dawa zao wenyewe, nyie mnamtundikia paka dripu. Haya.

Vidole Vizito: Nilisema mpite.

Kijiti: Huyu kila mada ya wanyama yumo. Kama huwapendi unafuata nini?

Jicho Kavu: Nafuata hivi: nilimuuguza mama yangu mwenye kisukari hadi mguu ukakatwa, na hakuna aliyenifungulia mada ya kunipa pole. Paka akiumwa mnajaa.

Vidole Vizito: Pole sana kwa mama. Ungeanza na hilo tusingefika huku.

Jicho Kavu: Poa. Ila msimamo wangu ni uleule.

Nusu Yuniti: Mmesema kisukari mkanitonesha. Nina kisukari aina ya kwanza tangu utotoni, na paka wangu alikuja kukipata ukubwani. Wote tunachoma insulini. Ila insulini yake ni yuniti 40 kwa mililita, yangu ni 100, na mabomba hayafanani: lake lina kofia nyekundu, langu la rangi ya chungwa. Mwenyewe nilishazoea, naweza kuyatofautisha gizani.

Baba akafariki. Nyumba imejaa watu, mimi nimelala tu, siwezi hata kuongea. Shemeji yangu, mtu mwema kwelikweli, akasema pumzika nitamchoma paka. Akafungua friji akachukua kichupa changu, akavuta kwa bomba la paka mpaka kwenye mstari alioambiwa. Kwa mchanganyo huo dozi inayoingia ni mara mbili na nusu.

Usiku nasikia kitu kinagonga mguu wa meza. Nakwenda, paka anayumba, macho yameduwaa, hanioni. Mara akalala ubavu, miguu ikaanza kupiga hewa na povu mdomoni. Watoto wa ndugu wanalia, mama mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema atolewe nje asife ndani. Nikamtoboa sikio, mashine haikutoa namba, imeandika LO, yaani sukari iko chini mno haisomeki. Nikachukua asali nikampaka kwenye fizi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, simwagii kooni maana atapaliwa. Njiani kwenda kwa daktari namwambia shemeji aendeshe taratibu, nikashangaa ulimi wangu hautamki maneno sawasawa. Nikajipima. Mashine ileile ikaandika HI, yaani yangu iko juu mno haisomeki.

Msiwe na mchezo na msongo wa mawazo. Mwili ukibanwa unamwaga adrenalini na kotisoli, ini nalo linaachia sukari, hata kama hujatia kitu mdomoni. Na katika msiba ule hakuna aliyejua mara ya mwisho nimejichoma lini, hata mimi. Paka akalazwa kwake, nami nikalazwa kwangu.

Mama Wawili: Nimesoma nimesimama. Paka alipona?

Nusu Yuniti: Alipona. Yuko hapa ananiangalia vibaya, saa ya sindano imekaribia.

Chapa Miguu: Shemeji bado anakuja kwako?

Kijiti: Hilo ndilo swali. Shemeji yuko wapi?

Vidole Vizito: Jamani mada yangu imeshatekwa. Nikimtundikia maji namshikaje kwa vidole hivi?

Chapa Miguu: Dada, mumeo si yuko nyumbani sasa hivi? Mpe ajira.

Mama Wawili: Chapa anatania lakini kasema kweli. Wangu alikuwa na figo hizohizo. Mfuko wa maji uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, ya baridi yanamshtua. Utundike juu, yashuke yenyewe, hakuna kukamua. Mmoja anainua ngozi ya begani na kuingiza sindano, mwingine anakaa naye tu. Wewe kuwa huyo wa kukaa naye. Na akigoma kula usimsubirie wiki. Paka asipokula hata siku mbili tatu ini linaanza kujaa mafuta, unapata ugonjwa wa pili.

Kijiti: Kama anaonekana ana maumivu mpe nusu ya parasetamo, bibi yangu alikuwa anawapa.

Nusu Yuniti: USIMPE. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamo. Fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, anakosa pumzi: damu bado imo mwilini ila haibebi tena hewa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ibuprofeni nayo hapana, tena kwa figo hizo ndiyo kabisa.

Kijiti: Sawa, nimefuta kichwani.

Babu Mzani: Mwanangu, baridi yabisi unaitibu kwa dawa gani? Kama ni zile za kushusha kinga, mchanga wa paka asafishe mumeo, na usafishwe kila siku. Vijidudu vya toksoplazma vikitoka na kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza.

Vidole Vizito: Ndizo hizohizo, Babu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Chapa Miguu: Ajira ya pili hiyo.

Mama Wawili: Ila usiku lala naye, joto lake ni dawa ya viungo.

Jicho Kavu: Mtoe chumbani, ulale. Mgonjwa asiyelala anauguza nini?

Mama Wawili: Wewe si ulishaaga?

Jicho Kavu: Sikuaga.

Vidole Vizito: Mrejesho. Mume kachoma, mara ya kwanza sindano ikatokea upande wa pili wa ngozi, maji yakamlowesha yeye. Ya pili imekubali. Ila sasa paka ana nundu begani na naona inashuka hadi mguu wa mbele. Tumeharibu?

Mama Wawili: Hamjaharibu. Ni maji yanashuka chini ya ngozi, mwili utayanyonya baada ya saa kadhaa. Yakiwa bado yapo kesho, au akianza kuhema kwa shida, piga simu kwa daktari kabla ya kumwongezea mengine.

Vidole Vizito: Asante. Ngoja nikameze zangu.

Chapa Miguu: Nusu Yuniti, bado tunasubiri habari za shemeji.

Nusu Yuniti: Anakuja kila wiki. Friji hafungui.