Naomba ushauri: njia za baiskeli zisizo na magari, Uingereza

Habari zenu wakuu. Tunaishi Birmingham, na mwezi wa nane dada yangu anakuja kutoka Tanga na wanawe, mmoja miaka 7, mwingine 2. Baiskeli anaijua tangu utoto, ila magari ya huku hataki hata kuyasikia. Barabara za vijijini ni nyembamba, ua mrefu pande zote, kona moja tu gari hili hapa.

Kwa hiyo natafuta njia za reli ya zamani zilizogeuzwa kuwa za baiskeli; hazina milima, maana treni haziwezi miinuko mikali. Nimeangalia Monsal Trail kule Derbyshire, kilomita 14 hivi. Mahandaki yake yalifunguliwa tena 2011 na mchana yanawashwa taa. Nyingine Camel Trail, Cornwall. Kipande cha Wadebridge hadi Padstow ni kama kilomita 9, tambarare, kando ya mto, na ukifika kuna samaki na chipsi (hapo moyo wangu umeshaegemea). Tatizo Cornwall ni mbali, na Agosti watu hufurika.

Mliopita huko, ipi inawafaa watoto? Nikodi wapi baiskeli yenye kitoroli cha huyo mdogo, na niweke nafasi mapema? Ndani ya handaki baridi ikoje, wavae masweta?